Punguza Kimo cha Maji, Usiguse Hewa

Mwenye akwaponiki ya nyumbani akiona umeme wake wa kulipia kabla, LUKU, unaisha upesi, wazo la kwanza ni kuzima kitu. Kinachozimwa mara nyingi ni pampu ya hewa, tena usiku, kwa sababu inanguruma karibu na dirisha na haionekani kufanya kazi kubwa. Pampu ya maji inaachwa iendelee, maana maji yakisimama mfumo mzima unaonekana umekufa. Msimamo wangu ni kwamba utaratibu huo umepinduliwa. Pampu ya hewa iwe ya mwisho kuguswa. Umeme mwingi wa mifumo ya nyumbani hupotea katika kuyainua maji juu kuliko inavyohitajika, kuyasukuma kwenye mabomba membamba, na kuyazungusha mara nyingi kuliko samaki na mboga wanavyodai. Anayerekebisha hayo matatu anaweza kupunguza matumizi kwa zaidi ya nusu, na samaki wake wakapumua vizuri kuliko mwanzo.

Kwa asiyeufahamu mfumo huu, akwaponiki ni kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yaleyale yanayozunguka. Samaki wanakula na kutoa amonia. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto wanaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Mboga zinafyonza nitrati, na maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin walitumia miaka mingi kuupa mfumo wa mboga zinazoelea vipimo vinavyotegemeka, na mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo mpana wa mifumo midogo. Elimu ipo. Kinachokosekana majumbani ni hesabu ya umeme, na bila hesabu hiyo mradi mzuri hufungwa kabla ya mavuno ya pili.

Tuanze na mfumo wa kawaida wa uani: tangi la lita 1,000 lenye kilo 15 za samaki aina ya sato, vitalu viwili vya kokoto vilivyonyanyuliwa juu ya fremu, pampu ya maji ya wati 40 na pampu ya hewa ya wati 20, zote zikiwaka saa 24. Jumla ni wati 60, yaani uniti (kilowati-saa) 1.44 kwa siku, au uniti 43 kwa mwezi. Tukikadiria shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, ni zaidi kidogo ya shilingi 15,000 kila mwezi. Ukiwalea samaki hao miezi saba, umetumia uniti 300 hivi, na ukizigawa kwa kilo 15 unapata uniti 20 kwa kila kilo. Hizo ni shilingi 7,000 za umeme ndani ya kilo moja ya samaki, kabla hujanunua chakula wala vifaranga. Mboga nazo zimechangia kulipa deni hilo, lakini ukiilinganisha namba hiyo na bei ya muuza samaki wa mtaani kwako, utaona kwa nini wengi hukata tamaa.

Kwa kaya ndogo nchini Tanzania kuna jambo jingine la kuangalia. Mteja wa umeme wa kundi la D1, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu sana. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 50 ikiongeza 43 za akwaponiki imeshavuka mpaka huo, na inachozidisha hutozwa bei ya juu. Kwa nyumba ya namna hiyo, kupunguza uniti 25 kunaweza kuamua kama mradi unabaki au unaondoka.

Wenzetu wa nchi za baridi wana mzigo mzito zaidi. Utafiti wa mfumo mdogo wa akwaponiki mjini Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kilo moja ya sato inahitaji zaidi ya uniti 150 za nishati, na sehemu kubwa ilikwenda kupasha maji joto. Pwani ya Afrika Mashariki jua linatufanyia kazi hiyo bila malipo. Kinachobaki kwenye hesabu yetu ni maji na hewa tu, na vyote viwili vinaweza kupangwa upya na mtu mwenye msumeno wa mabomba na futi ya kupimia.

Kila sentimita inalipiwa

Kazi ya kuinua maji ina kanuni rahisi: uzito wa maji mara kimo. Kuinua lita 1,000 kwa saa hadi mita moja na nusu kunahitaji wati 4 tu za nguvu halisi. Ukiishusha safari hiyo hadi sentimita 70, wati 2 zinatosha. Sasa itazame pampu yako ya wati 40. Wati nyingine zote zimekwenda wapi? Nyingine zimepotea ndani ya mota, kwa sababu pampu ndogo za kuzamisha hufanikiwa kugeuza sehemu ndogo tu ya umeme kuwa mwendo wa maji, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20. Nyingine zimeliwa na msuguano wa mabomba. Na nyingine zinayapandisha maji kwenye kimo ambacho fundi alikichagua kwa sababu ya mwonekano.

Kimo ndicho cha kurekebisha kwanza. Vitalu vingi hujengwa usawa wa kiuno au kifua ili mtu asiiname. Ni raha ya haki, hasa kwa wazee, lakini ijulikane kuwa inalipiwa kila sekunde, usiku na mchana. Kama tangi la samaki lina kina cha mita moja na limekaa juu ya ardhi, pampu ikiwa sakafuni mwa tangi, kimo hakihesabiwi kutoka sakafuni. Kimo kinachohesabika ni kutoka usawa wa maji ya tangi hadi mdomo wa bomba kitaluni. Kwa hiyo unaweza kuchimba kisima cha chini cha kukusanyia maji, au ukalizamisha tangi lenyewe ardhini, lakini kila kina unachoongeza huko chini unakilipa unapoyarudisha maji juu. Mpangilio unaookoa zaidi ni ule ambao vitalu vimepanda juu ya usawa wa tangi kwa kiasi kile tu kinachotosha maji kurudi kwa mteremko, na hakuna kisima cha tatu katikati. Sentimita 20 hadi 30 za mteremko zinatosha.

Cha pili ni unene wa bomba. Hapa ndipo pesa nyingi hutupwa kwa kuokoa pesa ndogo. Msuguano hupanda kwa kasi ya ajabu bomba linapokuwa jembamba: kwa maji yaleyale, ukipunguza kipenyo kwa nusu, msuguano unazidi mara 32 hivi. Kwa mfano, lita 1,500 kwa saa zikipita katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, kila mita tano za bomba zinaongeza mzigo sawa na kuinua maji sentimita 58 zaidi. Zikipita katika bomba la milimita 32, mzigo huo unashuka hadi sentimita 6. Tofauti ya bei ya bomba la robo tatu na la inchi moja na robo kwa mita chache inarudi ndani ya muda mfupi. Elbo nazo zipunguzwe: kila kona kali ni mzigo, na mara nyingi kona mbili za taratibu zinafanya kazi ya nne za ghafla.

Cha tatu ni kuichagua pampu yenyewe. Maandishi kwenye boksi huonyesha kimo cha juu kabisa na mtiririko wa juu kabisa, lakini viwili hivyo havipatikani pamoja. Kwenye kimo cha juu kabisa, mtiririko ni sifuri. Pampu iliyoandikwa kimo cha mita 2.5 na lita 2,500 kwa saa, ikiwekwa kwenye kimo cha mita moja na robo, itatoa nusu ya hizo au zaidi kidogo. Pima kwa ndoo: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 72, una lita 1,000 kwa saa. Kama mtiririko umezidi mahitaji, usiubane kwa koki ukadhani umeokoa umeme. Umelipia nguvu, kisha ukalipia tena kizuizi. Badilisha pampu. Pampu ndogo za volti 12 za mota isiyo na brashi hutumia, kwa kazi ileile, mara nyingi nusu ya umeme wa pampu za kawaida za bei rahisi, na zinaingia moja kwa moja kwenye mfumo wa sola bila inveta.

Maji yana kikomo cha hewa

Baada ya kupunguza mzigo wa maji, tuiangalie hewa. Samaki wa mifumo hii wanataka miligramu 5 za oksijeni au zaidi katika kila lita ya maji, na mizizi ya mboga isikose 3. Sato, ambaye Kenya na Uganda huitwa ngege, huweza kuvumilia chini ya hapo kwa muda, lakini kuvumilia si kukua. Anayeishi kwenye miligramu 3 anakula kidogo, chakula hakimwongezei uzito ipasavyo, na magonjwa humwingia upesi.

Kikomo cha oksijeni ambacho maji yanaweza kushika huamuliwa na joto na kanieneo ya hewa. Maji ya nyuzi 29, kama yale ya Dar es Salaam, hushika miligramu 7.7 kwa lita, si zaidi. Wengi huamini kwamba watu wa nyanda za juu wana nafuu kubwa kwa sababu maji yao ni baridi. Ni kweli maji baridi hushika hewa zaidi, lakini Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Maji ya nyuzi 22 mjini humo hujaa kwenye miligramu 7.1 hivi, chini ya yale ya pwani. Nafuu yao halisi ni kwamba samaki kwenye baridi hupumua polepole zaidi, ingawa pia hukua polepole. Mfugaji wa Mbeya au wa Nairobi asidhani basi kuwa anaweza kukaa bila pampu ya hewa.

Kutokana na kikomo hicho unapata kanuni muhimu kuliko zote katika kuokoa umeme wa hewa. Oksijeni huingia majini kwa kasi inayolingana na pengo lililopo kati ya kikomo na kiasi kilichomo. Maji ya pwani yakiwa na miligramu 5, pengo ni 2.7. Yakiwa na 7, pengo ni 0.7 tu. Maana yake pampu ileile, kwa umeme uleule, inaingiza robo tu ya oksijeni iliyokuwa ikiingiza mwanzo. Anayeongeza pampu juu ya pampu ili afikie 7 analipa mara nne kwa faida ambayo samaki hawaihitaji. Lenga 5 hadi 6, ukae hapo.

Mapovu yenyewe nayo hayana ukarimu mkubwa. Katika tangi lenye kina kisichofika mita moja, asilimia chache tu za oksijeni iliyomo ndani ya povu huyeyuka kabla halijapasuka juu. Kwa sababu hiyo ukubwa wa mapovu una uzito kuliko wingi wake. Mapovu madogo yana eneo kubwa la kugusana na maji na hupanda polepole. Jiwe la hewa lililoziba kwa chokaa na ute hutoa mapovu makubwa machache na kuikaba pampu, ambayo hutumia umeme uleule ikitoa hewa kidogo. Loweka mawe hayo kwenye siki usiku mmoja, yasugue, yarudishe, na yakikataa kufunguka nunua mengine. Utando wa mpira ndani ya pampu ya hewa nao huchoka, na kuubadilisha ni rahisi kuliko kununua pampu mpya. Chujio la vumbi la pampu lipulizwe mara kwa mara, hasa kiangazi.

Kina cha jiwe kinahitaji uwiano. Kila sentimita 10 za kina huongeza upinzani ambao pampu lazima iushinde, na pampu ndogo hupoteza hewa nyingi upesi. Kwa pampu nyingi za nyumbani, sentimita 60 hadi 80 zinafaa. Iweke pampu ya hewa juu ya usawa wa maji, au uweke vali ya njia moja, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa mrija na kuiharibu.

Kama mfumo wako ni wa mboga zinazoelea, ambao tangi na mabirika yako karibu usawa mmoja, kuna njia inayounganisha kazi mbili. Hewa ikiingizwa chini ya bomba wima lililozama majini, mapovu huyafanya maji ya ndani ya bomba kuwa mepesi, nayo hupanda yenyewe. Pampu moja ya hewa hapo inazungusha maji na kuyatia oksijeni. Sharti ni kwamba sehemu iliyozama iwe mara tatu au nne ya kimo kinachoinuliwa. Kwa bomba lililozama sentimita 80, unaweza kuinua maji sentimita 20 vizuri. Kwa kitalu cha kiunoni njia hii haifai, na huo ni ushahidi mwingine kwamba mpangilio wa vimo ndio unaoamua teknolojia utakayoweza kutumia.

Kokoto zinazopumua

Wengi huwahesabu samaki peke yao, wakasahau bakteria. Bakteria hao hutumia gramu 4.57 za oksijeni kwa kila gramu ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza. Kilo 15 za sato wakila gramu 200 za chakula chenye asilimia 30 ya protini kwa siku, hutoa gramu 5 hadi 6 za naitrojeni hiyo, na bakteria watadai gramu 25 hivi za oksijeni. Samaki wenyewe watadai kama gramu 80. Wakilishwa oksijeni kutoka majini, bakteria huchukua karibu robo ya kila unacholipia kwenye pampu ya hewa.

Kitalu cha kokoto kinachojaa na kukauka kinaliondoa deni hilo. Lita moja ya maji ya pwani haibebi hata miligramu 8 za oksijeni, lakini lita moja ya hewa ina 260 hivi, zaidi ya mara thelathini. Kila maji yanaposhuka kitaluni, hewa mpya huvutwa kujaza nafasi kati ya kokoto. Kitalu kinachotoa lita 100 za maji kimevuta lita 100 za hewa, zenye oksijeni ya gramu 26. Kwa mshuko mmoja, hewa iliyoingia ina kiasi kinacholingana na mahitaji ya bakteria ya siku nzima. Si yote watakayoitumia, lakini mizunguko ni mingi, na haikuhitaji pampu ya hewa hata kidogo. Mizizi ya mchicha na sukuma wiki nayo hunufaika vilevile.

Kwa sababu hiyo pampu ya maji haina haja ya kuwaka muda wote. Kokoto hubaki na unyevu, bakteria hawafi kwa nusu saa ya kukosa maji, na wakati huo wanapumua hewa tele. Taima ya dakika 30 za kuwaka na 30 za kuzima inakata nusu ya umeme wa maji siku hiyohiyo. Wapo wanaoweka 15 za kuwaka na 45 za kuzima, na kwa samaki wachache inafaa. Ukweli usifichwe hata hivyo: taima inaokoa kwa sababu maji machache zaidi yanapita kitaluni, na amonia husafishwa na maji yanayopita. Kwa mfano wetu, lita 500 kwa saa zinatosha kuizuia amonia isivuke nusu miligramu kwa lita kama kitalu kimekomaa. Ukishuka hadi lita 250, kiwango hicho kinaweza kufika miligramu moja. Basi shuka kwa hatua, pima amonia kwa wiki mbili, ndipo uamue hatua inayofuata. Mwenye taima hahitaji hata sifoni ya kengele, ile inayokikausha kitalu chenyewe kikijaa. Bomba wima la kupitishia maji ya ziada, lenye tundu dogo karibu na sakafu ya kitalu, litakijaza pampu ikiwaka na kukikausha ikizima.

Kabla ya kununua chochote kwa ajili ya hewa, ondoa pia wanaoila bila faida. Kinyesi na mabaki ya chakula yaliyolala sakafuni mwa tangi huoza, na kuoza huko kunakula oksijeni saa zote. Tangi linalopigwa na jua huota kijani. Mchana kijani hicho hutoa oksijeni, usiku huivuta, na alfajiri samaki huonekana juu wakihema. Lifunike tangi kwa makuti au wavu mzito wa kivuli. Kivuli hicho kinazuia kijani na kulipunguza joto la maji, na kiasi cha oksijeni ambacho samaki anakihitaji hupungua kadiri maji yanavyopoa. Maji yanayorudi kutoka kitaluni nayo yapitie bomba lenye matundu mengi, yaanguke kwa matone badala ya mkondo mmoja. Kimo chake umeshakilipia wakati wa kuyainua, kwa hiyo oksijeni hiyo haina gharama mpya.

Umeme ukikatika

Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwafundisha wafugaji wengi wa Tanzania kwa uchungu, na Agosti 2023 Kenya nayo ilishuhudia gridi yake ikizimika karibu nchi nzima. Mitambo mipya ya umeme ya Bwawa la Julius Nyerere imeleta nafuu kubwa, lakini transfoma ya mtaa ikilipuka, bwawa halikusaidii usiku huo.

Tangi la lita 1,000 lenye miligramu 6 kwa lita lina gramu 6 tu za oksijeni. Kabla hazijashuka hadi hatari ya miligramu 2, zinazotumika ni gramu 4. Sato waliokula karibuni, kwenye maji ya joto, hutumia hadi gramu 0.3 kwa kilo kwa saa. Kilo 15 zinakula gramu 4.5 kwa saa. Una chini ya saa moja. Ukiwa na kilo 30 kwenye tangi hilohilo, una chini ya nusu saa. Ukiwa na kilo 8, una zaidi ya saa moja na nusu, muda wa kutosha kurudi kutoka dukani. FAO inashauri kilo 10 hadi 20 kwa lita 1,000, na mimi kwa nyumba isiyo na akiba ya umeme nashauri ukae chini kabisa ya kipimo hicho. Idadi ndogo ya samaki ni akiba isiyohitaji kuchajiwa.

Saa ya kulisha nayo ni sehemu ya kinga. Baada ya kula, samaki huhitaji oksijeni nyingi kwa saa kadhaa. Walishe asubuhi na mchana, wakati kuna jua la sola na mtu yupo nyumbani. Usiwalishe jioni ukalala. Ukipata taarifa ya mgao, siku hiyo usiwalishe kabisa. Sato mwenye afya hukaa siku kadhaa bila chakula na asidhurike, wakati mlo mmoja kabla ya giza unaweza kuwaua wote.

Kisha nunua akiba ya hewa, na iwe ya hewa peke yake. Pampu ya hewa ya volti 12 yenye wati 10, ikiunganishwa na betri ya Ah 50 ambayo hutumii zaidi ya nusu ya uwezo wake, huenda saa 30. Betri hiyohiyo ikibebeshwa inveta na pampu ya maji ya wati 40 haitafika alfajiri ya siku moja. Rilei ndogo inayoiwasha pampu hiyo gridi inapozimika humlinda hata aliyelala. Ukitaka pampu hiyo iende kwa jua siku zote, inahitaji Wh 240 kwa siku, na paneli ya wati 80 hadi 100 inatosha kwa mikoa mingi yetu. Ni mradi wa sola ambao kaya ya kawaida inaweza kuufikia kidogokidogo.

Kwa wanaoishi mahali ambapo umeme hautegemeki kabisa, kambale ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, na atanusurika pale ambapo sato angekufa. Zipo kaya zisizokula samaki asiye na magamba, na hilo liheshimiwe. Bakteria na mizizi bado vinahitaji oksijeni, kwa hiyo kambale anaongeza muda wa kunusurika, haondoi haja ya hewa.

Pa kuanzia

Ukiwa na fedha kidogo, zifuate kwa mpangilio huu. Kwanza, mambo ya bure: punguza idadi ya samaki, hamisha saa za kulisha, ondoa tope, weka kivuli, safisha mawe ya hewa. Pili, pima kimo na mtiririko kwa futi na ndoo, kisha teremsha vitalu au fupisha njia ya maji. Tatu, nunua bomba nene na taima. Nne, pampu ndogo yenye kazi inayolingana na kimo kipya. Mwisho kabisa, betri na paneli, kwa sababu sasa utanunua kwa mahitaji madogo. Anayeanza na sola kabla ya kurekebisha vimo ananunua paneli za kulisha msuguano wa bomba la robo tatu. Na katika hatua zote, soketi ziwe juu mbali na maji, waya ujikunje chini ya soketi ili matone yasifuate njia hiyo, na breka ya kukinga mshtuko iwepo.

Mfumo wetu wa mfano ukipitia hatua hizo, hata ukibaki na kilo 15 za samaki, pampu ya maji ya wati 15 inawaka nusu ya muda na pampu ya hewa ya wati 15 inawaka muda wote. Jumla ni uniti 0.54 kwa siku, 16 kwa mwezi badala ya 43. Kilo ya sato iliyobeba uniti 20 sasa inabeba chini ya 8, na umeme wake umeshuka kutoka shilingi 7,000 hadi chini ya 2,700. Nyumba iliyokuwa imevuka uniti 75 imerudi chini ya mpaka. Katika uniti hizo 16, karibu 11 ni za hewa. Huo ndio mgawanyo ninaotaka kuuona katika kila ua wenye akwaponiki: theluthi mbili za umeme zikienda kwenye pumzi ya samaki, na maji yakipanda kimo kile tu yanachokihitaji.